Kanisa dogo la Gelmeroda

Kanisa lenyewe ni dogo. Siku niliyolifuata kwa baiskeli kutoka Weimar, Ujerumani, nililipita bila kulitambua, nikaendelea kutafuta, mpaka nyumba za kijiji zikaniishia na nikajikuta kando ya mashamba nasikiliza malori yakiunguruma kwenye barabara kuu ya A4. Nikageuza baiskeli. Lilikuwa pale pale nyuma yangu: kuta nene za mawe, miti michache, na juu mnara mweusi mwembamba, umechongoka kama penseli iliyotoka sasa hivi kwenye kichongeo. Siku hizi ni kanisa la wasafiri. Dereva aliyechoka njiani anaweza kuchepuka, akaingia, akaketi, akaondoka zake.

Nilikaa kwenye nyasi muda mrefu. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Kanisa nililokuwa nimelibeba kichwani kwa miaka miwili lilikuwa kubwa kupita kiasi, kwa sababu nililijua kwanza kwa picha. Katika picha mnara unapanda mpaka ukingo wa juu na kutaka kuutoboa, anga limekatwa vipande vipande kama kioo, na chini kabisa wamesimama watu wawili watatu, wadogo kama mchwa. Mchoraji Lyonel Feininger alilichora kanisa hili kwa rangi ya mafuta mara 13, akazipa picha namba kama wapewavyo wafalme: Gelmeroda I ni ya mwaka 1913, Gelmeroda XIII ni ya mwaka 1936. Hapo sijahesabu chapa za mbao, wala michoro ya penseli na ya mkaa, wala ya rangi za maji. Mtu alikuja kwenye kijiji hiki kwa baiskeli, kama mimi, akaona hiki ninachokiona, na hakuacha kukirudia.

Feininger alikuwa Mmarekani. Uraia huo ndio uliompa taabu zake nyingi, na mwishowe ndio uliomwokoa. Ukifungua vitabu vya sanaa utamkuta amewekwa pamoja na Wajerumani, na si kosa, maana kazi yake karibu yote aliifanyia huko. Lakini pasipoti yake ilikuwa ya Marekani.

Alizaliwa New York tarehe 17 Julai 1871. Baba yake alikuwa mpiga fidla wa asili ya Kijerumani, mama yake mwimbaji, na mtoto akafundishwa fidla na baba yake mwenyewe. Nje ya muziki alipenda vitu viwili, treni na mashua. Alisimama kutazama vichwa vya treni za mvuke vikipita mjini, na alitengeneza mashua ndogo za kuelea akazishindanisha kwenye bwawa la Central Park. Ukitazama kazi zake za uzeeni, mashua zile zingalipo, na moshi wa treni pia.

Mwaka 1887, akiwa na miaka 16, alipelekwa Ujerumani kusomea muziki. Alipofika Hamburg akaomba aingie shule ya uchoraji badala yake, kisha akahamia chuo cha sanaa cha Berlin, na Paris kidogo. Alikwenda kwa ajili ya fidla, akabaki kwa ajili ya kalamu. Akakaa miaka 50.

Kwa karibu miaka 15 alikula kwa vibonzo. Magazeti ya mizaha ya Berlin, Ulk na Lustige Blätter, yalimtumia wiki baada ya wiki, na akawa miongoni mwa wachora vibonzo wanaojulikana zaidi mjini. Mwaka 1906 gazeti la Chicago Tribune lilimwajiri achore kurasa za rangi za Jumapili, naye akabuni The Kin-der-Kids: watoto wanaosafiri duniani wakiwa ndani ya beseni la kuogea la familia, na nyuma yao shangazi anawafukuza na chupa ya mafuta ya nyonyo. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi yake kwetu anaijua hofu ya chupa ile. Kwenye ukurasa wa kuwatambulisha wahusika alijichora mwenyewe akiwa ameshika nyuzi, wao wananing'inia kama vikaragosi mikononi mwake, na karatasi ya jina imefungwa sikioni pake. Mkataba ule haukumaliza mwaka. Wapenzi wa vibonzo bado wanazitafuta kurasa hizo, na wana haki, maana nyumba zake tayari zinainama, madirisha yana macho, mawingu yana pembe.

Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuchoka. Kibonzo cha siasa hakikuwa chake. Mhariri ndiye aliyetoa wazo, yeye akatoa mkono. Na hapo ndipo ninapofika kwa Julia.

Julia Berg alikuwa msanii, na mwaka 1905, walipokutana, Feininger alikuwa na mke na mabinti wawili. Ndoa ile ikavunjika. Julia alikwenda kusoma Weimar na yeye akamfuata, na huko, mwaka 1906, akaanza kuzunguka vijiji vya jirani kwa baiskeli akiwa na daftari mfukoni. Gelmeroda ni kilomita chache tu kusini mwa mji. Julia ndiye aliyemsukuma ajaribu chapa: kuchora juu ya jiwe na kuchapa kwa litografia, kukwaruza bamba la shaba na kulitia tindikali ili mikwaruzo ishike wino. Watu husimulia maisha ya wachoraji kana kwamba kila kitu kimetoka kwao wenyewe. Hapa ushahidi uko wazi kwamba mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyekuwa akisomea kazi hiyo hiyo. Walioana mwaka 1908, wakapata wavulana watatu, Andreas, Laurence na Theodore Lux. Andreas baadaye akawa mpigapicha mashuhuri wa gazeti la Life.

Picha yake ya kwanza ya rangi ya mafuta aliichora mwaka 1907. Alikuwa na miaka 36. Umri huo wengine huwa wameshakata tamaa au wameshapata jina. Paris aliziona kazi za Wakyubisti mwaka 1911, akajifunza kwao kuvunja kitu katika pande zake na kuziweka upya. Miaka miwili baadaye mchoraji Franz Marc alimwalika katika maonyesho makubwa ya jumba la Der Sturm, Berlin, na mwaka 1917 akapata hapo maonyesho ya peke yake kwa mara ya kwanza.

Wanamwita mwekspresionisti. Neno hilo nililisikia sana darasani kabla ya kulielewa. Kwa maneno ya kawaida, wasanii wale hawakutaka kuchora kitu kama jicho linavyokiona. Walikichora kama moyo ulivyokipokea, hata kama uso ungekuwa wa kijani na barabara ingepinda kama nyoka. Na waliipenda chapa ya mbao kuliko chombo kingine chochote. Kirchner, Heckel na Schmidt-Rottluff walichimba mbao kwa nguvu, vibanzi vikiruka, na alama za patasi wakaziacha zionekane kwa makusudi. Ukisimama mbele ya kazi zao unasikia kelele.

Kwa Feininger unasikia kimya. Hilo ndilo lililonivuta. Mnara unaanguka upande, jua lina miali kama mishale, kivuko kimejaa watu wenye kofia ndefu, yote yamevunjika na kuunganishwa upya, na bado hakuna anayepiga ukelele. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo hakuwa mwekspresionisti wa kweli. Siwafuati. Moyo haupigi kelele kila siku.

Baba yangu ni seremala, Muheza, Tanzania. Nimekua nikifagia maranda kwenye karakana yake na kutumwa patasi ya nusu inchi nikaleta ya robo tatu. Kwa hiyo nilipoingia kwa mara ya kwanza chumba kilichowekwa chapa za Feininger, mkono wangu ulizisoma kabla ya macho. Picha kubwa za rangi ya mafuta nilizipenda baadaye, taratibu. Chapa nilizielewa pale pale, na mpaka leo naamini ndizo kazi zake bora.

Ngoja nieleze zinavyofanyika, kwa sababu wengi hudhani ni kuchora tu kwa wino mweusi. Unachukua ubao uliopigwa randa ukalainika. Unachora juu yake, kisha unaondoa kwa kisu na patasi za ncha ndogo kila sehemu unayotaka ibaki nyeupe. Kinachosimama ndicho kinachopakwa wino. Unalaza karatasi juu, unaisugua mgongoni, unaibandua. Kilichokuwa kushoto sasa kiko kulia. Hakuna kijivu, ni wino au karatasi. Na ulichokikata hakirudi. Ubao si penseli, huna kifutio. Zaidi ya hayo mbao ina nyuzi zake, na ukizivuka bila hesabu zinachanika na kukupeleka usikotaka.

Mwaka 1917 Marekani iliingia vitani dhidi ya Ujerumani. Asubuhi moja Feininger akawa raia wa nchi adui katika nchi aliyokaa karibu miaka 30, akiwa na mke Mjerumani na watoto waliozungumza Kijerumani. Mienendo yake ikawekewa masharti. Kiangazi cha 1918 aliruhusiwa kwenda na familia Braunlage, katika milima ya Harz, na huko ndiko alikoanza kuchonga mbao kwa dhati. Ubao mdogo unakaa mapajani. Hauhitaji chumba chenye mwanga wa kaskazini, hauhitaji turubai wala mitungi ya rangi wakati kila kitu kimeadimika. Kisu, ubao, wino kidogo, karatasi yoyote nyepesi.

Mwaka ule peke yake alitoa chapa zaidi ya 100. Nilipomwambia baba namba hiyo kwenye simu alinyamaza kidogo. Yeye hahesabu sanaa, anahesabu kazi.

“Mia moja kwa mwaka? Za ukubwa gani?”

“Nyingi ni za ukubwa wa kiganja, Baba. Nyingine kama daftari.”

“Hata kama. Huyo alikuwa halali usingizi.”

Katika maisha yake yote alichonga takribani 320. Kwa hiyo karibu theluthi ya kazi hiyo ilitoka mwaka mmoja, mwaka ambao nchi mbili zote zilikuwa na sababu ya kumtilia shaka. Ninapozipanga akilini naona alichonga kila kitu alichokiogopa kukipoteza: vijiji vya Thuringia, meli zenye matanga, daraja, treni ndefu kama kiwavi, wazee wa mjini wenye miguu mirefu kama ya korongo waliotoka kwenye vibonzo vyake. Hakuna mizinga. Mtu akitafuta vita katika chapa hizo ataiona tu katika weusi, kwa jinsi ulivyo mwingi na weupe unavyolazimika kuupasua.

Alizichapa mwenyewe nyumbani kwa mkono, kwenye karatasi laini za Kijapani na hata karatasi nyembamba za kawaida, kwa hiyo nakala mbili za ubao mmoja hazifanani. Katika moja wino umekolea, katika nyingine umepita juu juu na unaona nyuzi za mti kama maji yanayotembea. Baadaye akawa anachapa vibao vidogo juu ya karatasi za barua, hivyo rafiki akipata barua anapata na mashua au nyumba juu yake.

Vita vikaisha, mfalme wa Ujerumani akakimbia, na mwezi Aprili 1919 msanifu majengo Walter Gropius akafungua shule mpya ya sanaa Weimar, akaiita Bauhaus. Feininger alikuwa mwalimu wa kwanza kuitwa. Tangazo la shule lilikuwa kijitabu cha kurasa nne, na kwenye jalada liliwekwa chapa yake ya mbao, Kathedrale. Pengine umewahi kuiona bila kujua ni ya nani. Minara mitatu inapanda, wa katikati umewazidi wenzake, na juu ya kila ncha ipo nyota inayotupa miali. Miali ya nyota tatu inakutana na kukatana mpaka anga lote linakuwa kama wavu. Wachambuzi husema nyota ni uchoraji, uchongaji na ujenzi, sanaa tatu zilizokutana katika jengo moja, kama Gropius alivyoandika ndani ya kijitabu kwamba shabaha ya sanaa zote ni ujenzi.

Kinachonishangaza ni hiki. Leo ukisema Bauhaus watu wanafikiri paa bapa, vioo, viti vya mabomba ya chuma. Na jambo la kwanza shule hiyo ililolionyesha ulimwengu ni kanisa, limechongwa kwa kisu kwenye ubao, kwa ufundi wa karne nyingi kabla ya viwanda.

Feininger alipewa karakana ya uchapaji. Kila karakana ilikuwa na wakuu wawili, msanii na fundi, na fundi wake aliitwa Carl Zaubitzer. Jina hilo halitajwi mara nyingi, lakini wino, mashine na vipimo vilikuwa mikononi mwake, na karakana ile ilichapa mikusanyo ya chapa za wasanii wa Ulaya nzima. Mwaka 1921 ilitoa mkusanyo wa chapa 12 za mbao za Feininger mwenyewe.

Mwaka 1923 Gropius alibadili mwelekeo na kutangaza kwamba sanaa na teknolojia ni umoja mpya. Feininger hakukubali. Hakugombana hadharani, hakuwa mtu wa kugombana. Shule ilipohamia Dessau akaomba abaki bila kufundisha, na Gropius, ambaye alijua thamani yake, akamkubalia. Akapewa nusu ya nyumba pacha, na jirani yake ukuta kwa ukuta akawa László Moholy-Nagy, mtu wa mashine kuliko wote. Ni katika miaka hiyo, kuanzia 1928, ndipo Feininger alipoanza kutembea usiku na kamera, akipiga picha za taa za barabarani katika ukungu. Aliyeikataa teknolojia kama itikadi aliipokea kama chombo, na picha zile za usiku zina kimya kile kile cha chapa zake.

Muziki nao ulirudi. Katika miaka ya 1920 alitunga fyugu kadhaa, aina ya utungo ambamo sauti moja huanza wimbo, ya pili huingia na wimbo ule ule kutoka mahali pengine, kisha ya tatu, mpaka zote zinasemezana bila kumezana. Mtunzi Bach ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Nilipozisikia nilielewa zaidi zile picha 13 za kanisa moja. Hakuwa amekwama Gelmeroda. Alikuwa anauingiza wimbo ule ule kwa sauti nyingine.

Kuna kazi nyingine aliyoifanya miaka yote hiyo na ambayo haikuwa ya kuuza. Kila Krismasi aliwachongea wanawe vinyago vya kuchezea: nyumba zenye paa zilizopinda, makanisa, watu wa urefu wa kidole. Mji ule ulikua mwaka hadi mwaka na ukaitwa mji ulio kwenye ukingo wa dunia. Nilipouona kwenye kabati la kioo sikuweza kusogea haraka. Baba alinitengenezea lori kwa mabaki ya mbao za mlango wa msikiti, matairi ya vizibo. Lori lile halipo tena, nililitumia mpaka likaisha, na nadhani hivyo ndivyo alivyotaka.

Miaka ya mwisho ya furaha yake Ujerumani aliipata mjini Halle. Jumba la makumbusho la mji lilimpa chumba katika mnara wa ngome ya Moritzburg, na kati ya 1929 na 1931 akachora picha 11 za mji huo. Makumbusho yakazinunua zote. Mwaka huo huo wa 1931, alipotimiza miaka 60, jumba la taifa la Berlin likamfanyia maonyesho makubwa. Mgeni, mwana wa mhamiaji aliyekuwa amerudi kwa wazazi wa wazazi wake, alikuwa sasa fahari ya Wajerumani.

Ilidumu miaka miwili. Wanazi waliifunga Bauhaus ya Dessau mwaka 1932 na kuishika nchi nzima mwaka 1933. Kwao kazi za Feininger zilikuwa uchafu, na Julia alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Bado walichelewa kuondoka. Kila kiangazi mpaka 1935 waliendelea kwenda Deep, kijiji cha wavuvi kwenye bahari ya Baltiki ambacho leo ni sehemu ya Poland, alikochora mawingu na matanga. Najua watu wengi huuliza kwa nini hawakukimbia mapema. Mwenye kuuliza hivyo ajaribu kwanza kufunga sanduku la miaka 50.

Kiangazi cha 1936 alialikwa kufundisha Mills College, California. Akaenda, akarudi, na Juni 1937 wakaondoka moja kwa moja. Tarehe 17 Julai alitimiza miaka 66 akiwa Marekani. Siku mbili baadaye Wanazi walifungua München maonyesho waliyoyaita ya sanaa iliyooza, wakaning'iniza humo picha zake pamoja na za wenzake ili umma uzicheke. Mamia ya kazi zake yalitolewa kwenye makumbusho ya Ujerumani. Picha 11 za Halle zilichukuliwa zote. Chache tu zimerudi, nyingine zimetawanyika katika makumbusho ya nchi mbalimbali.

Lakini si zote zilizobaki Ujerumani zilipotea. Kabla ya kuondoka aliacha sehemu kubwa ya kazi zake kwa Hermann Klumpp, kijana aliyesoma Bauhaus, na yeye akazihifadhi Quedlinburg, mji mdogo wa nyumba za mbao chini ya milima ya Harz. Kuzificha kazi zile ilikuwa kujihatarisha. Alizipitisha vitani, kisha mji ukaangukia Ujerumani Mashariki, na Feininger hakuziona tena. Miaka mingi baada ya kifo chake warithi wa familia walidai picha za rangi ya mafuta mahakamani, na katika miaka ya 1980 zikarudishwa kwao. Chapa zikabaki, na mwaka 1986 likafunguliwa hapo Quedlinburg jumba lenye jina lake. Nimelitembelea mara mbili. Katika kesi ile siwezi kuulaumu upande wowote kwa moyo wote: watoto walidai mali ya baba yao, na Klumpp alikuwa ameilinda wakati hakuna mwingine wa kuilinda.

Na yeye, New York? Aliukuta mji ambao hakuujua. Aliuacha na magari ya farasi, akaukuta na majengo yanayoziba jua. Alipata kazi ya kuchora kuta kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1939, lakini kurudi kwenye rangi ya mafuta kulimchukua muda. Mikono iliyozoea minara ya vijiji ilipaswa kujifunza Manhattan. Halafu, mwaka 1940, ikaja Manhattan I, na hapo unaona kilichotokea: maghorofa yamesimama karibu karibu kama mwanga uliogandishwa, na mistari myembamba ya wino inapita juu yake kama mikato ya kisu kwenye ubao. Alikuwa amelihamisha kanisa.

Mwaka 1942 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilinunua Gelmeroda XIII. Mwaka 1944 jumba la Museum of Modern Art lilimwonyesha pamoja na mchoraji Mmarekani Marsden Hartley, na ndipo Wamarekani walipoanza kumtambua kama mwenzao. Mwaka uliofuata alifundisha kiangazi kimoja Black Mountain College. Uzeeni alirudia litografia, mashua tena, bahari tena, mistari sasa imekuwa michache na inatetemeka kidogo. Aliendelea kuvichora kwa kumbukumbu vijiji vya Thuringia ambavyo hakuvikanyaga tena. Alifariki New York tarehe 13 Januari 1956, akiwa na miaka 84.

Siku niliyorudi kutoka Gelmeroda nilinunua Weimar kadi ya posta yenye ile Kathedrale, nikaituma Muheza. Ilichukua wiki kadhaa kufika. Likizo iliyofuata nilipoingia karakana, niliiona imepigwa msumari juu ya jiliwa, imeshapata vumbi la mbao pembeni.

“Shikamoo Baba.”

“Marahaba. Njoo uone.” Aliitoa ukutani, akavaa miwani, akaileta mlangoni penye mwanga. Akaweka kucha juu ya mwali mmoja, ule unaotoka kwenye nyota ya kushoto na kuvuka anga lote, akaufuata polepole mpaka mwisho wake.

“Hapa hakurudia,” akasema. “Mkono umepita mara moja.”

Akaigeuza kadi, akasoma tena niliyoyaandika nyuma, akairudisha kwenye msumari wake.